Mombasa si Bahari Tu

Wazee walisema, "Tembea uone." Lakini yawezekana mtu akatembea asione. Wengi wetu watu wa bara, tukipata nauli ya Mombasa, hukimbilia ufukoni kuoga maji ya chumvi, tukawanunulia watoto mabuyu na achari, kisha tukapanda basi kurudi kwetu. Si vibaya. Walakini mji ule una mambo makubwa kuliko bahari, na mzazi asikubali yampite.

Mwezi wa Agosti nilikwenda huko kutoka Taita, pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye alikuwa hajapata kuiona bahari. Nilipomwuliza angependa kuona nini, alijibu, "Mahali walipopelekwa watu." Nilijua maana yake. Katika ukoo wetu husimuliwa habari za msichana mmoja, dada wa babu yake mama, ambaye wakati wa njaa kuu alitolewa kwa wapita njia ili waliobaki nyumbani wapate chakula. Akapelekwa pwani. Hakurudi, wala habari zake hazikusikika tena.

Basi asubuhi tulianzia Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno tangu mwaka 1593 hata 1596. Kuta zake ni nene ajabu, na watoto waliipanda mizinga mpaka wakakaripiwa. Kijana aliyetutembeza, Mwislamu wa Mji wa Kale, alitueleza mambo bila kuficha. Mwaka 1614 Wareno walisababisha kuuawa kwa Sultani Hasan wa Mombasa. Mwanawe, Yusuf, wakampeleka Goa katika Bara Hindi, akalelewa na mapadre, akabatizwa Jerónimo. Aliporudishwa kutawala alidharauliwa na Wareno wa ngome. Agosti 1631 akaingia ngomeni, akamwua kapiteni, akauacha Ukristo. Na Wakristo waliokataa kumfuata wakauawa, Wareno na Waafrika pia. Mke wangu akasali kimya kimya. Mama akasema, "Mwanangu, dhuluma huzaa dhuluma."

Baadaye Waarabu wa Omani waliizingira ngome hiyo tangu Machi 1696 hata Desemba 1698, na wengi wa walioilinda wakafa kwa njaa na magonjwa. Waingereza nao waliifanya gereza tangu 1895 hata 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imeandikwa miongoni mwa urithi wa dunia.

Ukitoka ngomeni, Mji wa Kale u karibu sana. Utaona vichochoro vyembamba, milango ya mbao iliyochongwa kwa ufundi, na msikiti wa Mandhry ambao husemwa umesimama tangu 1570. Vaeni kwa heshima, wala msipige watu picha bila ruhusa yao. Adhuhuri tuliingia katika Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, barabara ya Nkrumah, tukasali na kupumzika.

Alasiri tukavuka daraja la Nyali, tukafika Kengeleni, njia ya Kisauni. Hapa ndipo wamisionari wa Kianglikana walipoanzisha, yapata mwaka 1875, kijiji cha Frere Town, makao ya watu waliookolewa katika utumwa. Kengele yao ingali imetundikwa kando ya barabara, na mahali pakapata jina kwayo. Husimuliwa kwamba ilipigwa kuwaonya watu, wafanya biashara ya watumwa walipokaribia. Siku ile matatu zilikuwa zikipiga honi pande zote, na wapita njia hawakuinua hata macho.

Mama alisimama pale muda mrefu. Mtoto wetu mkubwa akamwuliza, "Nyanya, yule msichana alikaa hapa?"

"Sijui, mjukuu wangu," akajibu. "Lakini kama alifika hapa, basi aliisikia hii."

Kisha akalitamka jina la msichana yule. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilikuwa sijalisikia hata siku moja. Akawafundisha watoto walitamke sawasawa, mpaka wakalijua. Usiku tuliposali rozari, mtoto mdogo alimtaja miongoni mwa marehemu wetu, bila kuambiwa na mtu.

Basi, wasomaji wapenzi, mkienda Mombasa ogeni baharini, na vukeni kwa feri ya Likoni, ambayo aendaye kwa miguu halipi kitu. Lakini tengeni siku moja kwa ajili ya ngome na kengele. Chukueni maji ya kunywa na kofia za watoto, maana jua la pwani ni kali, na wekeni fedha ya kiingilio cha ngome. Na kabla ya kuondoka nyumbani, waulizeni wazee ni nani wa ukoo wenu aliyechukuliwa kwenda pwani, na jina lake nani. Mwacha asili ni mtumwa.