Majani ya Kufunika Shamba Yakiingia Kwenye Mtambo wa Gesi, Udongo Unabaki na Nini?



Kuna jambo nataka tulizungumze kidogo, kwa sababu wengi wetu tulio huku nje tuna mashamba nyumbani, na tukipigiwa simu huwa tunajibu harakaharaka kama mabingwa wa kila kitu. Mimi mwenyewe nimeyafanya hayo. Mpwa wangu analima ekari chache za familia Muheza, mkoani Tanga. Akanipigia: "Mjomba, kuna watu wamekuja hapa. Wanasema tupande upupu usiowasha shamba zima, tuukate, tuutie kwenye mtambo wa gesi. Tutapika bila mkaa, na tope likitoka tunalirudisha shambani. Ati udongo haupotezi kitu. Kweli?"

Nikamjibu hapo hapo: kweli. Usiku nikakaa hapa Muscat na karatasi na kalamu, na asubuhi ikabidi nimpigie tena nimwambie kwamba jibu langu lilikuwa nusu. Hiyo nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike.

Kwanza tuelewane. Mazao ya kufunika udongo ni mimea inayopandwa si kwa kuliwa hasa, bali ardhi isikae uchi. Kwetu yapo mengi: upupu usiowasha, fiwi, ambayo Arusha wanaiita ngwara na Wakikuyu njahi, na marejea, ambayo wamonaki wa Peramiho kule Songea waliisambaza sana miaka ya 1980. Yote ni jamii ya kunde, yanavuta naitrojeni hewani. Yanazuia jua na matone makubwa ya mvua, yanabana magugu, na yakioza yanauachia udongo kaboni. Kaboni hiyo ndiyo inayoufanya mchanga ushike maji na mbolea. Bila hiyo mchanga ni mchanga tu.

Watafiti wawili wa Ujerumani, Poeplau na Don, mwaka 2015 walikusanya vipimo vya maeneo 37 duniani. Wastani waliopata ni kwamba mazao ya kufunika yanaongeza tani 0.32 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, yaani kilo 130 hivi kwa ekari. Si nyingi, lakini kwa miaka 20 mkulima anaiona tofauti.

Sasa twende kwenye gesi. Chukua tani 1 ya majani makavu. Ndani yake mna kaboni kilo 440 hivi. Mtambo ukifanya kazi vizuri, tani hiyo inaweza kutoa gesi meta za ujazo 400 au zaidi. Familia ikitumia meta moja na nusu kwa siku, ni miezi minane au tisa ya kupika. Gesi hiyo inaondoka na karibu nusu ya kaboni yote. Mtu akisikia hivyo anashtuka: nusu ya chakula cha udongo imepandishwa jikoni!

Lakini ngoja. Majani yale yangeachwa shambani, vijidudu vya udongo vingekula sehemu ile ile laini na kaboni ingepaa hewani vilevile, bila kumpikia mtu chai. Jambo hili lilipimwa Denmark na Thomsen na wenzake, matokeo yakatoka mwaka 2013. Walichukua chakula cha ng'ombe wakakigawa njia nne: kingine moja kwa moja udongoni, kingine kupitia mtambo wa gesi, kingine kupitia tumbo la ng'ombe, na kingine tumboni kisha mtamboni. Mwisho wa yote, kaboni iliyokadiriwa kubaki udongoni kwa muda mrefu ilikuwa ni ile ile karibu kwa njia zote, asilimia 12 hadi 14 ya ile ya mwanzo. Mtambo unakula kile ambacho kingeliwa kwa vyovyote. Katika joto la Tanga kaboni huoza upesi zaidi kuliko Denmark, kwa hiyo usiichukue ile tarakimu yenyewe. Chukua ulinganisho.

Sisi tulio Oman hatuna haja ya kwenda Denmark kuona mzunguko huu. Nenda kijiji chochote cha milimani chenye falaj. Chini ya mitende wamepanda alfalfa, wenyewe huiita qatt. Inakatwa, wanapewa mbuzi walio zizini, na samadi inarudi shinani kwa mitende. Mbuzi ndiye mtambo wao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kassel na wa Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos walipima jambo hili katika kijiji cha Balad Seet mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakakuta mashamba ya mitende yanapokea virutubisho vingi kuliko vinavyotolewa. Ardhi ya jangwa, imelimwa kwa karne nyingi, na bado inazaa. Lakini angalieni umbali: zizi na mtende ni hatua chache tu, na mwenye mbuzi ndiye mwenye mtende.

Hapo ndipo jibu langu la kwanza lilipokosea. Hesabu ya Denmark inachukulia kwamba kinachobaki baada ya gesi kimerudi udongoni. Je, kwetu kinarudi? Tope la mtambo ni maji kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Mtambo uko nyuma ya jiko, shamba liko mbali. Nani atabeba ndoo mia kila wiki? Nimetembelea nyumba kadhaa zenye mitambo hii kila nilipokwenda likizo, na mara nyingi tope linaishia kwenye migomba iliyo hatua kumi kutoka jikoni. Migomba inanawiri, wageni wanapiga picha, na kule shambani kwenye mahindi hakuna kilichorudi. Kaboni imehama, na naitrojeni iliyovutwa na upupu imehama nayo.

Jambo la pili ni wakati. Upupu hupandwa katikati ya mahindi ya masika yanapokomaa, unakua na mvua za vuli, na kwenye Februari uko tayari kukatwa. Februari ndiyo jua la kuchoma, na masika yako mlangoni. Ukiukata wote ukaubeba, mvua kubwa ya kwanza inaukuta udongo uko uchi. Udongo wa juu unaochukuliwa na maji siku moja hauna hesabu ya maabara itakayourudisha.

Jambo la tatu ni zuri kidogo: mizizi. Katika jaribio la miaka mingi la Ultuna, Sweden, kaboni ya mizizi ilichangia mboji ya udongo zaidi ya mara mbili kuliko ya majani. Kwa hiyo ukikata juu na kuiacha mizizi, hujapoteza yote. Ukin'goa, umepoteza.

Na kuna mambo ya mtambo wenyewe. Hii mitambo ya kuba ya matofali, ambayo CAMARTEC ya Arusha imeieneza tangu miaka ya 1980, imeundwa kwa samadi. Ukitia majani marefu yanaelea, yanafanya utando, mtambo unaziba. Lazima yakatwekatwe na yachanganywe na samadi. Mtambo pia hula kila siku, na zao hukatwa kwa msimu. Na gesi ikivuja bila kuwaka ni hasara mara mbili, kwani methani inapasha dunia joto takriban mara 28 kuliko hewa ukaa kwa miaka 100.

Watu wataniambia: mbona pale pale Tanga, Hale, mabaki ya mkonge yalitoa umeme? Ndiyo, na ni jambo la kujivunia. Lakini singa hazifiki asilimia 5 ya jani. Yaliyobaki, baada ya korona kulisaga, yalikuwa yakitupwa na kuozea pembeni na kuchafua maji. Taka ile haikuwa na kazi nyingine. Upupu ulioko shambani tayari una kazi. Ukiutia mtamboni unamwachisha mtu kazi, na lazima uulize nani atashika nafasi yake.

Hata wakubwa walijikwaa. Ujerumani mwaka 2004 iliongeza malipo kwa gesi itokanayo na mazao, mahindi yakatapakaa kila mahali hadi mwaka 2012 ikabidi yawekewe kikomo. Ufaransa tangu 2017 inaruhusu mazao makuu yasizidi asilimia 15 ya kinachoingia mtamboni, ila mazao ya katikati ya misimu hayamo katika kikomo hicho. Yaani wanatarajia mazao ya kufunika yafanye kazi mbili. Yanaweza, ila pale ambapo tope linarudishwa kwa mashine shamba lile lile.

Basi nikampigia mpwa wangu, nikamwambia hivi:

1. Mtambo ujenge, lakini chakula chake cha kila siku kiwe samadi ya ng'ombe wako.
2. Upupu punguza tu, usimalize. Kata kipande kilicho karibu na nyumba, na hata hapo acha mizizi na matandazo ya kutosha kuificha ardhi.
3. Kila ulikokata, tope lirudi huko huko, lifukiwe siku ile ile. Likiachwa juani naitrojeni inapaa.
4. Shamba la mbali usiliguse. Upupu uozee hapo hapo.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Sasa mjomba, wale watu niwaambie nini?" Nikamwambia awaulize swali moja tu: tope litabebwa na nani? Wakiwa na jibu, awakaribishe chai, ya gesi au ya mkaa.

Wenye ujuzi zaidi wa udongo wa pwani naomba mnisahihishe. Nawasilisha.

Ndugu yenu, Muscat