Je, Wajua? Mgeni wa Kutembezwa na Mgeni wa Kujitembelea

Je, wajua kwamba safari iliyozaa biashara ya kuwatembeza watu kwa makundi haikuwa ya kutazama mji wowote? Tarehe 5 Julai 1841, Thomas Cook, Mbaptisti wa Kiingereza aliyeupiga vita ulevi, aliwapakia watu wapatao 500 kwenye treni kutoka Leicester hadi Loughborough kuhudhuria mkutano wa kuhimiza watu waache pombe. Kila abiria alilipa shilingi moja, kwenda na kurudi, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kila upande. Kampuni iliyochipuka kutokana na safari ile ilidumu hadi tarehe 23 Septemba 2019, ilipofilisika na kuwaacha wateja wapatao 600,000 wakiwa bado safarini.

Wakati Cook akianza kukusanya makundi, jirani zake Wajerumani walikuwa wakiandaa dawa ya kinyume. Karl Baedeker, mchapishaji wa Koblenz, alitoa vitabu vya mfukoni ili msafiri ajitegemee, asishikwe mkono na kila kibarua anayejidai kuujua mji. Husimuliwa kwamba alionekana akipanda hadi paa la kanisa kuu la Milan huku akihamisha njegere kavu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine kila baada ya ngazi 20, ili asikosee hesabu ya ngazi atakapoiandika. Mtu wa namna hiyo ukisoma kitabu chake unaweza kumwamini.

Basi mabishano haya ya kutembezwa au kujitembelea yana umri mrefu. Pausanias, Mgiriki wa karne ya 2 aliyeandika juzuu 10 kuhusu miji na mahekalu ya Ugiriki, aliwakuta waongoza wageni karibu kila alikokwenda. Alipofika Argos akaandika kwamba waongozaji wa pale wanajua wazi kuwa si yote wanayoyasema ni kweli, na bado wanayasema.

Lakini utaratibu uliokuwa mzuri kuliko yote, kwa maoni yangu, ulikuwa wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ibn Battuta wa Tangier alitia nanga Mogadishu mwaka 1331. Anaeleza kwamba meli ilipowasili, vijana wa mji waliifuata kwa mashua, kila mmoja amebeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humkabidhi mfanyabiashara mmoja sahani ile na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Tangu hapo mgeni hulala nyumbani kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye anayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachotaka. Atakayemdhulumu mgeni, au kufanya naye biashara mwenyeji asipokuwepo, biashara hiyo huhesabiwa kuwa batili. Kisha Ibn Battuta anaongeza jambo ambalo wengi hulipita haraka: aliyekwisha kuuzoea mji na kujuana na watu wake alikuwa huru kushukia popote apendapo.

Kanuni hiyo ya Mogadishu, yenye umri wa karibu miaka 700, inatosha hadi leo. Mgeni asiyejuana na mtu apewe mwenyeji. Anayejuana na watu aachwe aende.

Tuichukue kanuni hiyo tuingie nayo Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Watu huogopa kupotea katika vichochoro vyake, na vichochoro ni vingi kweli, tena vimepinda. Ila mji wenyewe umekaa kwenye rasi. Ukitembea bila kusimama kuelekea magharibi utaiona bahari, na ukielekea mashariki utatokea Darajani, kwenye barabara ya Benjamin Mkapa iliyokuwa ikiitwa Creek Road. Hapo palikuwa na mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukafukiwa katika karne ya 20, na daraja lililouvuka ndilo lililoacha jina. Kutoka ukingo mmoja hadi mwingine ni chini ya nusu saa kwa miguu. Kupotea pale hakumdhuru mtu, na mchana nakushauri upotee.

Kuna mambo ambayo macho yako peke yake yanatosha kuyafaidi. Milango, kwa mfano. Milango ya kale ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka, mara nyingi kimechongwa maandishi ya Kiarabu. Yenye upinde juu ni ya mtindo wa Kihindi. Ukishajua hilo moja unaweza kutembea asubuhi nzima ukiisoma mitaa, hapa aliishi tajiri wa Kiomani, pale mfanyabiashara wa Kigujarati, bila kumwuliza mtu. Baraza za mawe mbele ya nyumba nazo zinajieleza: mwenye nyumba humpokea mgeni wa kiume pale nje bila kuivunjia nyumba staha yake, na mvua kubwa ikinyesha watu hupita juu yake kuepuka maji yanayojaa njiani. Kijiwe cha kahawa cha Jaws Corner hakihitaji maelezo. Kaa, agiza kahawa chungu na kashata, sikiliza siasa na mpira vinavyojadiliwa kwa sauti ya juu.

Lakini nenda Mkunazini. Utaona kanisa kuu la Kianglikana, zuri, tulivu, na bila mtu wa kukueleza utapiga picha utoke. Kanisa hilo limejengwa palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Aliyesimamia ujenzi wa kanisa ni Askofu Edward Steere, yuleyule aliyefanya kazi kubwa ya kutafsiri Biblia kwa Kiswahili, na amezikwa humo nyuma ya altare. Msalaba wa mbao uliomo umetengenezwa kwa mti wa Chitambo, Zambia ya leo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu, na husimuliwa kwamba mafundi waliziweka hivyo Askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaamua ziachwe. Nje kuna sanamu za watumwa waliosimama shimoni na minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Hayo yote yako mbele ya macho yako, na karibu yote ni bubu mpaka apatikane wa kuyasema.

Hapo ndipo mwongozaji anapostahili fedha yake. Na hapo pia ndipo onyo la Pausanias linapofaa. Wageni hupelekwa kwenye vyumba vya chini vilivyo karibu na kanisa na kuambiwa kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kuuzwa, lakini wapo wanahistoria wanaosema jengo lenye vyumba hivyo lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa. Mwongozaji mzuri atakwambia pande zote mbili. Mbaya atakuonyesha pia nyumba "halisi" aliyoishi mwimbaji Freddie Mercury, ambaye kweli alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, ila nyumba zinazodaiwa kuwa ya kwao ni zaidi ya moja.

Kuna kitu kingine ambacho macho hayakioni kabisa: kile kilichokwisha kuanguka. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883, lilikuwa la kwanza Zanzibar kuwa na taa za umeme na lifti. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Jirani yake palikuwa na kasri jingine lililopigwa mizinga na manowari za Kiingereza asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kabla ya saa moja kutimia, vifupi kuliko vyote vinavyokumbukwa katika historia. Ukipita pale mbele, kwenye bustani ya Forodhani, jioni ukila mishikaki, hakuna kitu kitakachokunong'oneza habari hiyo.

Je, wajua kwamba kuna mahali ambapo kujitembelea hakuruhusiwi, na ni haki kusiruhusiwe? Robben Island, kisiwa kilicho mbele ya Cape Town ambako Nelson Mandela alifungwa miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake, imekuwa makumbusho tangu 1997. Unavuka kwa boti, na ndani ya gereza wageni wamekuwa wakiongozwa na watu waliowahi kufungwa humohumo kwa sababu za kisiasa. Kwenye machimbo ya chokaa kuna lundo la mawe ambalo lingeonekana kifusi tu kama hukuambiwa kwamba wafungwa wa zamani, Mandela akiwa mmoja wao, waliliweka jiwe kwa jiwe waliporudi kisiwani kukutana mwaka 1995. Mashahidi hao wanazeeka. Mwenye uwezo wa kwenda kuwasikiliza asingoje.

Sasa tuwatetee wanaopenda kwenda peke yao, maana sayansi iko upande wao kwa sehemu. Mwaka 2017 watafiti wa University College London walichapisha jaribio ambamo watu 24 walipita katika mitaa ya Soho, London, iliyoigizwa kwenye kompyuta, huku ubongo wao ukipimwa. Walipojitafutia njia wenyewe, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na kujua uko wapi, ilichangamka kila walipoingia mtaa mpya, hasa mtaa wenye njia panda nyingi. Walipofuata maelekezo ya kifaa cha kuonyesha njia, haikuchangamka vile. Anayemfuata mtu mwenye bendera bila kuinua kichwa sidhani kama anatofautiana sana na anayefuata simu.

Boston, Marekani, walipata njia ya katikati. Mwaka 1951 mwandishi wa habari William Schofield alipendekeza maeneo ya kihistoria ya mji yaunganishwe kwa njia moja, na leo kuna mstari mwekundu ardhini wenye urefu wa kilomita 4 unaopita kwenye maeneo 16. Unaufuata kwa mwendo wako, unasimama utakapo. Hannover, Ujerumani, nako kuna uzi mwekundu wa aina hiyo. Natamani Mombasa ingechorewa wake, kutoka Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, kupitia Mji wa Kale hadi bandari ya majahazi. Lamu haihitaji: Usita wa Mui unakuvusha mji mzima, na wanaopishana nawe njiani ni watu na punda.

Njia ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya kutembezwa na wenye mtaa wenyewe. Nyamirambo, mtaa wa Kigali ambako Kiswahili kimekuwa kikisikika kwa vizazi, una kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007. Akina mama hao huwapitisha wageni saluni, msikitini, kwa mafundi cherehani, kisha chakula cha mchana jikoni kwa mmoja wao. Nairobi wapo vijana waliokulia mitaani, kwa jina la Nai Nami, wanaowaonyesha wageni katikati ya jiji kama walivyolijua wakilala barazani mwa maduka. London nako kuna ziara za Unseen Tours zinazoongozwa na watu waliowahi kukosa makazi. Katika ziara kama hizo anayesimulia anasimulia maisha yake, na malipo yanakwenda kwa mwenye habari.

Makundi yakizidi, mji nao huchoka. Venice, tangu 2024, hairuhusu kundi la watalii lizidi watu 25, wala mwongozaji kutumia kipaza sauti. Amsterdam ilipiga marufuku ziara za makundi katika mitaa ya madanguro mwaka 2020, kwa sababu wakazi walikosa pa kupita na wanawake waligeuzwa maonyesho. Ukiona umeingia katika kundi la watu 40 linaloziba kichochoro ambamo mama anataka kupita na ndoo yake, tambua kwamba kosa si la mama.

Narudi kwenye kanuni ya Mogadishu, kwa kuwa inakuhusu wewe unayesoma Kiswahili. Zanzibar, Lamu, Mombasa, Bagamoyo, Kilwa, wewe huko si mgeni kamili. Mtalii kutoka Ulaya hulipia saa tatu aelezwe mambo ambayo wewe unaweza kuyapata kwa kusema "shikamoo, mzee" na kukaa barazani ukisubiri ajisikie kuzungumza. Hivyo uamuzi wangu ni huu: siku ya kwanza jitembelee, uandike maswali yanayokujia. Siku ya pili mlipe mwongozaji akujibu maswali hayo, badala ya kumwacha akumwagie yale anayomwambia kila mtu.

Ukiwa Zanzibar, mwombe akuonyeshe kitambulisho kinachotolewa na Kamisheni ya Utalii, kwani papasi wanaowavizia wageni bandarini hawana. Patana bei kabla ya kuanza kutembea, na uliza kama kiingilio cha makumbusho kimo ndani yake. Funika mabega na magoti. Omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Chukua na kitambulisho chako cha taifa, kwa sababu viingilio vya raia Tanzania na Kenya ni vya chini sana kuliko vya wageni. Ijumaa adhuhuri usipange ziara: maduka mengi ya Mji Mkongwe hufungwa, watu wako msikitini.