Degedege: Neno, Ubongo na Mwendo wa Viungo katika Wilaya za Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Makala haya yanalichunguza neno moja la Kiswahili, degedege, kutoka pande mbili: upande wa maana yake katika lugha, na upande wa elimu ya ubongo inayoeleza jinsi viungo vya mwili vinavyoamrishwa. Eneo linalolengwa ni wilaya za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga. Handeni ni nchi ya Wazigua, yenye vichaka vingi na mvua zisizotabirika. Korogwe iko kandokando ya mto Pangani, baina ya mashamba ya mkonge na milima ya Usambara. Wazigua, Wasambaa na Wabondei wana lugha zao, lakini katika zahanati na hospitali mazungumzo baina ya mgonjwa na tabibu kwa kawaida huwa ya Kiswahili. Mama anapofika mlangoni amebeba mtoto aliyekakamaa, neno analolitamka ni hilo. Kwa hiyo suala la maana yake si la wanakamusi peke yao. Iwapo mama na tabibu wanalielewa neno hilo kwa namna mbili zisizokutana, anayeumia ni mtoto.

2.0 Neno na Ndege Wake

Kimofolojia, asili ya neno hili yaelekea kuwa wazi: ndege, dege kwa hali ya ukubwa, kisha degedege kwa uradidi. Kiswahili cha zamani kilikuwa pia na neno nyuni, ambalo lilitaja ndege na vilevile maradhi hayo ya watoto. Hatuwezi basi kudai kuwa uhusiano wa ndege na mtukutiko ni sadfa ya sauti. Uradidi nao una kazi yake. Katika maneno kama tapatapa, yumbayumba na rukaruka, lugha huiga tendo linalorudiwarudiwa, na kutikisika kwa viungo wakati wa degedege ni tendo la namna hiyo hasa: mshtuko, nafasi fupi, mshtuko tena.

Imani inayoambatana na neno hili imechunguzwa zaidi katika maeneo ya pwani. Makemba na wenzake (1996) waliripoti kutoka Bagamoyo kwamba degedege lilidhaniwa kuletwa na pepo wa pwani ajaye kwa umbo la ndege, ambaye kivuli chake humwangukia mtoto. Tiba za awali zilikuwa pamoja na kumfukiza mtoto kwa moshi wa kinyesi cha tembo, au kumkojolea. Iliaminika pia kwamba mtoto mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Kamat (2008), aliyewachunguza Wazaramo, naye alikikuta kivuli hicho hicho cha ndege katika masimulizi ya wazazi.

Ni rahisi kuyacheka mambo haya, na waandishi wengi wa vijitabu vya afya wameyacheka. Lakini imani hiyo ina mantiki yake. Degedege linaloletwa na homa kwa kawaida hukoma lenyewe baada ya dakika chache. Aliyefukiza moshi ataona moshi umefaulu. Kwa upande mwingine, mtoto aliyepelekwa hospitali ni mara nyingi yule ambaye moshi haukumsaidia, naye hufika akiwa taabani. Akifa baada ya kudungwa sindano, sindano hubeba lawama. Ushahidi wa macho ulikuwapo. Kilichokosekana ni maelezo ya kile ambacho macho hayakioni.

3.0 Mtukutiko na Ramani ya Ubongo

Elimu ya jinsi ubongo unavyoongoza mwendo wa viungo nayo ilianzia, kwa sehemu kubwa, katika kuutazama mtukutiko. Tabibu wa London, John Hughlings Jackson, aligundua kwamba kwa baadhi ya wagonjwa mtukutiko haukuushika mwili wote kwa mara moja. Ulianza kwenye kidole gumba, au pembe ya mdomo, au kidole kikubwa cha mguu, kisha ukapanda kwa utaratibu: kiganja, kigasha, bega, uso. Katika maandishi yake ya mwaka 1870 alitoa hoja kwamba utaratibu huo unatokana na ubongo wenyewe: sehemu zinazoamrisha viungo zimepangwa jirani jirani, na vurugu ikianza katika sehemu moja husambaa kwa jirani yake. Alifikia hoja hiyo bila kifaa chochote cha kupima ubongo.

Mwaka huo huo, Fritsch na Hitzig mjini Berlin waligusa ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu na kuona misuli ya upande wa pili wa mwili ikijikunja. Hatimaye Penfield na Boldrey (1937), huko Montreal, walichora ramani ya ukanda huo kwa binadamu, wakati wagonjwa wakipasuliwa wakiwa macho. Katika ramani hiyo eneo halikugawanywa kwa ukubwa wa kiungo bali kwa ustadi wake. Mkono na mdomo vimepewa maeneo makubwa. Mgongo mzima umepewa kipande chembamba. Upande wa kushoto wa ubongo huamrisha upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huamrisha wa kushoto. Ramani hii bado inarekebishwa: Gordon na wenzake (2023) walionyesha kuwa baina ya maeneo ya mguu, mkono na uso kuna vipande vingine visivyokuwa vya kiungo kimoja, ambavyo huunganisha mwendo wa mwili na mipango ya akili.

Hata hivyo, kuamrisha ni nusu tu ya kazi. Ili mtu anyanyue kikombe cha chai, misuli inayokunja mkono hukaza wakati ile inayounyoosha inalegea, na maelfu kwa maelfu ya chembe za neva hunyamazishwa. Kuna kemikali zinazoamsha chembe, hasa glutameti, na kuna zinazozinyamazisha, hasa ile iitwayo gaba. Ngoma ya wapigaji wengi hueleweka kwa sababu kila mmoja ana wakati wake wa kutulia. Degedege ni hali ambamo wote wanapiga kwa pamoja. Dawa ya dayazepamu, itumiwayo hospitalini kulikomesha, kazi yake ni kuipa gaba nguvu zaidi.

4.0 Malaria Inapofika Ubongoni

Si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali yaweza kulileta kwa mtoto mdogo, na homa ya uti wa mgongo ni sababu ya kuogopwa. Lakini katika malaria kali chembe nyekundu za damu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu ikapita kwa shida, na sukari mwilini mara nyingi ikashuka. Seydel na wenzake (2015), waliowapiga watoto picha za ubongo nchini Malawi, walionyesha kuwa wengi wa waliofariki ubongo wao ulikuwa umevimba mno.

Jambo lililo zito zaidi kwa mada yetu lilionekana Kilifi, Kenya. Crawley na wenzake (1996), wakipima umeme wa ubongo, walikuta watoto waliozimia ambao ubongo wao ulikuwa katikati ya mtukutiko, huku dalili ya nje ikiwa ndogo sana: jicho kuvutika upande, pembe ya mdomo kucheza, kidole kutikisika. Mtoto aonekanaye ametulia, pengine pepo amemwachia, huenda ndipo yumo hatarini. Hapa neno letu linafikia mpaka wake, kwa kuwa limejengwa juu ya mtikisiko uonekanao.

Korogwe ina sehemu yake katika historia ya tiba ya ugonjwa huu. Pamoja na Muheza, ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio kubwa lililochapishwa na Dondorp na wenzake (2010), lenye watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika. Waliotibiwa kwa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliotibiwa kwa atesuneti, asilimia 8.5. Atesuneti hiyo hutolewa kwa sindano. Yaani kitu kile kile kilichosemekana kumwua mwenye degedege ndicho kinachomwokoa, mradi afike mapema.

5.0 Suala la Istilahi

Langwick (2007), katika utafiti wake kusini mwa Tanzania, amejadili jinsi degedege na malaria zinavyotafsiriwa baina ya waganga na hospitali. Tafsiri rahisi, kwamba degedege ni malaria, ina kasoro mbili: si kweli daima, na humwambia mama kuwa alichokiona hakikuwapo. Kulifuta neno na kuleta jingine la kubuni hakutasaidia pia. Maoni yetu ni kwamba degedege libaki, lipanuliwe. Lile la Kilifi laweza kuitwa degedege lililojificha, na mama akafundishwa kuliangalia kwenye jicho na pembe ya mdomo.

Neno linalohitaji kupunguziwa mzigo ni mshipa. Kwa Kiswahili cha kawaida hutaja njia ya damu, neva na kano. Tabibu akisema “malaria imeziba mishipa ya ubongo”, msikilizaji aweza kufahamu jambo jingine kabisa. Mshipa ubakie kwa damu. Neva, ambalo limekwisha kuzoeleka, litumike kwa zile zinazopeleka amri.

Kwa mwendo wa viungo wenyewe, msamiati wa kila siku watosha. Tabibu wa Handeni aulize: degedege lilianza wapi, lilikwenda wapi, lilidumu kwa muda gani? Hayo ni maswali ya Jackson. Mama akijibu kwamba lilianza mdomoni upande wa kulia likashuka mkononi, tabibu atajua aufikirie upande wa kushoto wa ubongo, na siku zifuatazo auchunguze mkono wa kulia kama umebaki na udhaifu.