Upungufu wa Umakini kwa Mtoto: Hesabu ya Nauli na Siku za Kazi

Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu ya mzigo wa gharama unaoielemea familia tangu mtoto akiwa mdogo hadi anapokua. Kwa mtoto mwenye upungufu wa umakini wastani ulikuwa dola 15,036; kwa asiye nao, dola 2,848. Upungufu wa umakini (ADHD) ni hali ya mtoto kushindwa kwa muda mrefu kuzingatia, kutulia au kujizuia kama wenzake wa rika lake, nyumbani na shuleni. Tofauti ya dola 12,188 haina hata senti ya matibabu ndani yake. Tahadhari moja: familia hizo zilikuwa zimekwisha kumfikisha mtoto kliniki, kwa hiyo huenda hali zao zilikuwa nzito kuliko kawaida.

Watoto hao ni wangapi? Uchambuzi wa tafiti za dunia uliotoka 2007 ulipata asilimia 5.29, mwingine wa 2015 ulipata 3.4. Katika shule ya wanafunzi 1,000, hao ni 53 au 34. Takwimu za Marekani za 2022, asilimia 11.4, zingetupa 114, lakini hizo zinahesabu watoto ambao wazazi wanasema waliwahi kuambiwa na mtaalamu. Penye wataalamu wachache idadi ya namna hiyo hushuka, na watoto wanabaki walewale.

Takwimu za Marekani za 2016 zilionyesha kuwa asilimia 17 ya watoto wenye hali hii walikuwa pia na sonona, yaani huzuni, hasira au kukata tamaa kunakodumu na kuvuruga maisha. Tukiichukua asilimia hiyo ilivyo, shule yetu ina watoto sita hadi tisa wenye matatizo yote mawili.

Sasa tuchukue mzazi wa Morogoro aliyepewa rufaa ya Dar es Salaam, umbali wa kilomita 190 hivi. Nauli kikomo ya basi la kawaida iliyotangazwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, mwishoni mwa 2023 ilikuwa Sh48.47 kwa kilomita. Kwa kiwango hicho, kwenda ni Sh9,209 kwa abiria mmoja. Mama na mtoto, kwenda na kurudi, ni Sh36,837, kila mmoja akilipia kiti chake. Daladala na chakula sijavigusa.

Kima cha chini cha mshahara katika biashara na viwanda, kwa amri ya 2022, kilikuwa Sh150,000 kwa mwezi. Safari moja inakula karibu robo yake. Ukigawa mshahara huo kwa siku 26, siku moja ya kazi ni Sh5,769. Miadi ikiwa kila mwezi, nauli na siku zilizopotea kwa mwaka ni Sh511,272, sawa na mishahara ya miezi mitatu na nusu hivi.

Dhana ya siku moja kwa kila miadi ni ya ukarimu mno, maana foleni ikichelewa mtu analala mjini. Tena mama lishe hana mshahara wa kukatwa. Anachopoteza ni mauzo ya siku nzima, pamoja na wateja wanaozoea meza ya jirani.

Dawa nimeiwekea sifuri, na hapo ndipo hesabu hii ilipo dhaifu zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza methilifenidati, dawa ya upungufu wa umakini, katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019, likakataa tena 2021. Nchi zinazofuata orodha hiyo hazina msukumo wa kuiweka kwenye bohari za serikali, na mzazi anaachiwa bei ya duka binafsi.

Sonona inapoanza kujitokeza, jambo la kwanza la kutazama ni kadi ya miadi. Mtoto akipangiwa siku nyingine kwa tatizo la pili, safari zinakuwa 24 na gharama Sh1,022,544, asilimia 57 ya mshahara wa mwaka. Akionwa kwa yote mawili siku ileile, nyongeza ya nauli ni sifuri. Hizo Sh511,272 za ziada zinaamuliwa na anayeandika tarehe, na mzazi ana haki ya kumwomba aziunganishe kabla hajatoka kliniki.