Je, Wajua? Wanaoichagulia NASA Sayari

Je, wajua kwamba NASA haijiamulii peke yake iende sayari ipi? Kila baada ya miaka 10 hivi, Akademia za Kitaifa za Marekani huwakutanisha wanasayansi wapange vipaumbele.

Ripoti yao ya Aprili 2022 ilihimiza kwanza kazi ya kuleta sampuli za Mirihi ikamilishwe. Kwa chombo kikubwa kipya, ikaitaja Uranus: sayari iliyolala ubavu, inayolizunguka Jua kwa miaka 84. Mgeni wake pekee hadi leo ni chombo cha Voyager 2, kilichopita mbio Januari 1986.

Enceladus, mwezi wa Zohali unaorusha maji ya bahari yake angani kupitia nyufa za barafu, ukashika nafasi ya pili. Uamuzi mgumu kwelikweli.