Ndege za mizigo: miguu ya chuma inapokataa kazi

Tarehe 8 Mei 2024, ndege ya mizigo aina ya Boeing 767 ya kampuni ya Marekani FedEx ilitoka Paris, Ufaransa, kuelekea Istanbul, Uturuki. Ilipokaribia kutua, magurudumu ya nyuma yalishuka, lakini ya mbele yakakataa. Marubani wakajulisha mnara wa kuongozea ndege, wazima-moto wakajipanga, na ndege ikatua. Pua yake iliburuzika chini, cheche na moshi vikatoka. Ndege ilisimama bila kuacha njia, na hakuna aliyeumia.

Si kila mara mambo yanaisha hivyo. Tarehe 28 Oktoba 2016, ndege nyingine ya kampuni hiyo, MD-10, ilitoka Memphis ikatua Fort Lauderdale, katika jimbo la Florida. Magurudumu yote yalikuwa yameshuka vizuri. Lakini wakati ndege ikikimbia chini kupunguza mwendo, mguu wa kushoto ulivunjika. Bawa likagonga chini na moto mkubwa ukawaka. Marubani wawili waliokuwa ndani waliokoka.

Uchunguzi wa NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ulifika kwenye kitu kidogo sana: shimo dogo la kutu ndani ya chuma cha mguu ule. Mahali hapo rangi ya madini inayokinga chuma haikuwepo. Kutoka kwenye shimo hilo ufa ulianza, ukaendelea kukua kila ndege ilipotua, mpaka siku chuma kilipochoka kabisa.

Bodi iligusa jambo lingine pia. Kiwanda kilichotengeneza ndege kilishauri mguu ufunguliwe na kutengenezwa upya kila miaka 8. Kampuni ilikuwa imejiwekea kikomo cha miaka 9. Kwa mujibu wa bodi, kuongeza muda huo bila uchambuzi wa kutosha kulichangia ajali. Mwaka mmoja kwenye karatasi ulitosha kwa ufa kukua bila kuonekana.

Mguu wa ndege unafanyaje kazi? Ndani yake kuna mafuta na gesi ya naitrojeni, ambavyo vinapunguza kishindo ndege inapogusa chini. Msukumo wa mafuta ya haidroliki ndio unaoupandisha na kuushusha. Mafuta yakipotea, rubani ana njia ya pili: anafungua kufuli, na mguu unashuka kwa uzito wake wenyewe. Ndege kubwa ya mizigo inaweza kutua ikiwa na zaidi ya tani 100, na uzito huo wote unapita kwenye miguu michache.

Lakini hata njia ya pili inaweza kukwama. Tarehe 4 Oktoba 2023, Boeing 757 ya mizigo iliruka kutoka Chattanooga, Marekani, ikapoteza mafuta ya haidroliki baada ya bomba moja kupasuka. Marubani wakajaribu njia ya pili, nayo haikuitika: waya mmoja wa umeme ulikuwa umekatika. Walirudi na kutua kwa tumbo, ndege ikateleza mpaka kupita mwisho wa njia. Watu watatu waliokuwa ndani walitoka salama.

Jambo hili linatugusa sisi wa mashariki mwa Congo. Kwa wakaaji wa Shabunda, Walikale au Kindu, ndege ndiyo lori. Sabuni, chumvi na dawa zinakuja nayo, na madini yanatoka nayo. Karibu na Walikale, huko Kilambo, ndege zimewahi kutua hata juu ya kipande cha barabara ya magari. Goma nayo, lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu ya njia ya kiwanja cha ndege, na ndege zikabaki na njia fupi.

Njia fupi inamlazimisha rubani kufunga breki kwa nguvu. Njia yenye mashimo na mawe inatikisa miguu kila siku. Ukiongeza juu yake magunia yasiyopimwa, chuma kinachoka mbele ya wakati wake. Na kwetu, juu ya mizigo hiyo mara nyingi wamekaa watu: mama mfanyabiashara, mwanafunzi, mgonjwa anayetafuta hospitali.

Kwa hiyo mzani wa kiwanja cha ndege si wa kusumbua mteja. Anayemwomba mpimaji afumbe macho kwa gunia moja tu, akumbuke kwamba gunia hilo halipotei. Litabebwa na mguu ule ule ambao yeye pia ataukalia wakati wa kutua. Na fundi anayesema leo ndege hairuki, hata kama biashara inachelewa, anastahili kusikilizwa. Ufa wa Fort Lauderdale haukuonekana kwa macho ya abiria wala ya rubani. Ni fundi peke yake, akipewa muda na vyombo, ndiye angeweza kuuona.