Askari Asifiche Maumivu ya Viungo

Askari aliyezoea kubeba shanta na bunduki huona haya kusema kwamba goti lamuuma. Huchelea kuitwa mtegaji, basi hunyamaza, hujichua kwa dawa, na gwaride huendelea.

Goti lililochakaa huuma mtu atembeapo au apandapo kilima, na hutulia apumzikapo. Baridi yabisi ni maradhi mengine. Mara nyingi huanza katika vidole vya mikono, kulia na kushoto pamoja, navyo huvimba. Asubuhi mgonjwa hushindwa kufunga vifungo vya shati lake, na ukakamavu huo (sio ule wa gwaride) huweza kudumu saa nzima au zaidi. Wala si ugonjwa wa wazee peke yao. Huwapata vijana pia, na wanawake zaidi ya wanaume.

Jongo huja ghafla, aghalabu usiku, katika kidole gumba cha mguu, hata shuka haivumiliki. Wengi husingizia buti jipya.

Lakini kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa cha moto, na homa ikapanda, zamu isingojewe kwisha. Huenda kimeingiwa na vijidudu, navyo vyaweza kukiharibu kwa siku chache tu. Sajini wa zamu na ampeleke mgonjwa kwa daktari usiku uo huo.